Laamu-Alifu ya Ulfat

Kwenye maonyesho ya kompyuta ya Nasr City, mwaka ule wa themanini na nne, watu wa Kairo walifurika kutazama kitu wasichokijua, wakaondoka mabingwa wa kitu hicho. Ndivyo tulivyo. Muuza vitambaa aliyeingia akiuliza kama ile ni televisheni, muda si muda alikuwa mlangoni akimweleza shemeji yake namna inavyofikiri. Wake za maofisa walikusanya vipeperushi vya kung'aa kwenye mifuko ya nailoni, si kwa kuvisoma, bali kwa kuwa vilitolewa bure. Ukumbi ulinuka jasho, marashi na mafuta ya taamia, zile bajia za maharage, kutoka vibandani nje.

Katikati ya msongamano, mbele ya mashine yenye kioo cha kijani, kijana mmoja mrefu alikuwa akihutubia. Alivaa koti la ngozi laini la kahawia, na huko nje jua lilikuwa likiyeyusha lami. Miwani nyeusi ameipandisha kwenye nywele. Alikuwa mzuri, hilo halina ubishi, na hakuna mtu pale aliyelijua kuliko yeye.

"Mashine hii, mabwana, inaandika Kiarabu kama mimi na wewe!"

"Basi iandike jina langu," ikasema sauti ya kike nyuma yake.

Kijana akageuka. Msichana alivaa sketi ya kijivu na blauzi ya samawati yenye mabega yaliyoinuliwa kwa sponji, sponji lenyewe shangazi yake alilikata kwenye godoro. Nywele zake nyingi alizifunga utosini, akazichomeka penseli. Macho yake makubwa yalimpima kijana toka viatu hadi miwani, yakatoka mikono mitupu.

"Jina, bibie?"

"Ulfat."

Akabonyeza vitufe kwa kidole kimoja, kwa mbwembwe zote. Herufi zikatokea moja moja, kila moja imesimama peke yake, imempa mwenzake mgongo kama wake wenza waliogombana. Na Kiarabu, kila aliyekaa chuoni anajua, ni maandishi ya kushikana mikono.

"Hilo ndilo jina langu?"

"Ndilo hilo."

"Hilo si jina, kaka. Hayo ni meno ya bibi yangu kwenye glasi ya maji."

Watu wakaangua kicheko. Kijana akaona haya, akaficha haya kwa sauti kubwa. "Bibie, hii ni teknolojia, si daftari la darasa la pili! Ina mipaka yake."

"Mipaka ni ya mashine au ya muuzaji?"

"Mimi si muuzaji! Mimi ni mhandisi!"

"Oo, pole. Basi mwenye duka ana moyo, kukuachia bidhaa zake peke yako."

Akaondoka akiyumbisha mkoba. Kijana alibaki akimtafutia jibu, na lilipomjia, jibu zuri kabisa, binti alikwisha kumezwa na umati.

Ulfat Dasuki alikuwa mwaka wa mwisho wa kitivo cha uhandisi, na utafiti wake wa kuhitimu ulikuwa huohuo: kuifundisha kompyuta ndogo kuunganisha herufi. Kila herufi ina sura yake ya mwanzo wa neno, ya katikati, ya mwisho, na ya upweke. Mtoto huchagua bila kufikiri. Mashine lazima iambiwe: mtazame jirani wa kulia, mtazame wa kushoto, kisha vaa uso unaostahili. Ulfat alikuwa amekwisha kuyaandika yote hayo, kwenye karatasi, kwa sababu kitivo kizima kilikuwa na kompyuta moja, na kompyuta hiyo ilikuwa na kazi nyingine.

Kazi yake ilikuwa kuonekana. Iliwekwa ofisini kwa Daktari Bahgat Zuhdi, mkuu wa idara, juu ya meza ya peke yake, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mkewe, chenye vishada pembeni kama mapambo ya bi harusi. Mgeni akija, kitambaa kiliinuliwa. Akiondoka, kilirudishwa. Daktari mwenyewe hakuwahi kuiwasha. Shahada yake aliipata ughaibuni, juu ya mashine kubwa kama nyumba ambazo dunia ilishazitupa. Akarudi na kiko, nacho hakukiwasha, na tangu hapo alifundisha kompyuta ubaoni kwa chaki, kama mtu anayefundisha kuogelea jangwani. Nywele alizipaka rangi nyeusi, na ncha za masikio zikapata sehemu yao.

"Unataka kuigusa?" alimwuliza Ulfat, kama mtu aliyeombwa figo. "Binti yangu, vidole ndio adui wa kwanza wa kompyuta. Wewe andika kwenye karatasi."

"Karatasi haitaniambia nimekosea wapi, Daktari."

"Nitakuambia mimi."

"Umeusoma utafiti wangu?"

Daktari alikihamisha kiko kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine. "Nina msaidizi mpya. Ndiye mwenye ufunguo wa chumba. Mwone huyo, usinichoshe."

Msaidizi mpya aliketi mezani pembeni, koti la kahawia limetundikwa kwenye kiti. Akainua kichwa.

"Aa," akasema Ulfat. "Muuzaji."

"Aa," akasema Wagdi Abulkheir. "Bi Meno."

Walianza kwa kudharauliana, na kwa kweli kila mmoja alikuwa na sababu. Wagdi alikuwa mtu wa Asyut, Saidi wa mashambani huko kusini, aliyejitahidi usiku na mchana asijulikane kuwa wa Asyut. Aliviringisha maneno kama mtoto wa Zamalek, mtaa wa matajiri wa Kairo, na kila sentensi ya tatu ilianza na "nilipokuwa London". Ulfat naye aliamini kwamba nusu ya wanadamu ni wajinga na nusu nyingine hawajachunguzwa. Lakini Daktari alikuwa akienda nyumbani kulala mara tu baada ya swala ya adhuhuri, na alasiri zote zikawa zao, wao na mashine iliyovuliwa nguo, mlango wazi kwa ajili ya heshima.

Na hapo ndipo Ulfat alipogundua jambo lililomuudhi: yule mwenye mbwembwe alijua kazi. Aliielewa mashine hadi utumboni. Ulfat alijua herufi gani ivae uso upi. Wagdi alijua namna ya kuuchora uso huo, nukta kwa nukta, haraka kuliko jicho.

"London walikufundisha vizuri," akakiri siku moja, kwa shingo upande. "Ulikuwa kampuni gani?"

"Kampuni kubwa. Mambo ya mashine."

"Mashine zipi?"

Wagdi alikuna shingo. Akatazama dirishani, akatazama kitambaa chenye vishada. "Za kuosha vyombo."

"Umezitengeneza?"

"Nimezijaza. Mgahawa wa Mgiriki mmoja. Sahani, vijiko, masufuria. Msimu mzima wa joto."

Ulfat alicheka hadi penseli ikamtoka kichwani na nywele zikamwagika mabegani. Wagdi hakucheka, alikuwa akizitazama nywele. Ilikuwa kauli ya kwanza ya kweli kumsikia akiitamka, tena aliitamka kwa lafudhi ya Asyut, na moyo wa binti, ambao haukuwa na simile na mtu, ukamgeuka kifuani.

Tangu siku hiyo simu ya nyumbani kwao Ulfat, mtaani Shubra, haikutulia. Wagdi alipiga kutoka kwenye kioski cha sigara, kidole kimoja sikioni, na aliyepokea siku zote alikuwa mama, Bi Inaam.

"Aloo! Hapa ni ofisi ya wanafunzi. Tunamwomba Ulfat."

"Ofisi ya wanafunzi ina sauti nzuri. Na leo Ijumaa imefunguliwa?"

"Kuna... kuna kazi nyingi, mama."

"Masikini! Ofisi imekula chakula cha mchana?"

"Bado, mama."

"Ulfat! Njoo uzungumze na ofisi kabla haijafa njaa!"

Ulfat alivuta waya wa simu hadi ukumbini, akanong'ona, "Umerogwa? Nilikuambia upige baba akiwa msikitini."

"Sauti yako nimeikosa tangu jana, roho yangu."

"Jana ulinitukana kwamba programu yangu ni nene kama mke wa pasha."

"Na wewe ukaniita Saidi mla vitunguu. Nimekukosa hata matusi yako."

"Kata simu, mla vitunguu." Hakuikata yeye, wala hakukata mwenzake.

Kufikia mwisho wa baridi, mashine iliandika. Maneno yalitiririka kutoka kulia kwenda kushoto, yameshikana, yamepinda pale pa kupinda. Kilibaki kikwazo kimoja: laamu ikifuatwa na alifu. Wawili hao hawakubali kuandikwa kila mmoja kivyake; hukumbatiana na kuwa umbo moja. Programu iliwatenganisha, na neno zima likavunjika kiuno.

Ulfat alihangaika nalo hadi akaliweza. "Ukiona laamu, usiichore," alimwambia Wagdi. "Subiri. Chungulia anayekuja nyuma yake. Akiwa alifu, wameze wote wawili, utoe mtu mmoja."

"Kama sisi," akasema Wagdi.

"Wewe yupi hapo?"

"Mimi alifu. Si unaona nilivyosimama wima?"

"Alifu ni fimbo tu, habibi. Laamu ndiye mwenye kiuno."

Programu mpya waliiweka kwenye diski ya peke yake. Ya zamani, ile isiyojua laamu-alifu, waliisahau ndani ya mtoto wa meza ya Wagdi. Wagdi alimshika mkono kwa mara ya kwanza, na mkono haukuondolewa.

Sasa, mzoga ukinuka, tai hawahitaji mwaliko. Daktari Bahgat aliingia ofisini alasiri moja kuchukua mwavuli aliouacha, akaikuta kompyuta yake inaandika Kiarabu. Alisimama, akatoa kiko. Hakuuliza imewezaje. Aliuliza nani mwingine ameiona.

Kesho yake alimwita Wagdi, akafunga mlango.

"Wizara inakuja kututembelea. Nitawaonyesha programu yangu."

"Programu yako, Daktari?"

"Idara ya nani? Kompyuta ya nani? Jina lako nitaliweka chini yangu. Yule binti ni mwanafunzi, ataolewa, atapika mahashi, hiyo sifa ataipeleka wapi? Nipe diski." Kisha akaongeza, kwa upole wa mchinjaji, "Wewe jeshini hujaenda, sivyo? Kazi hii ndiyo iliyokukinga. Mimi nikiandika mstari mmoja tu kwamba sikuhitaji, utanyolewa kipara kabla wino haujakauka."

Mtu wa kweli angesema la. Wagdi hakusema la. Alirudi mezani kwake, akafungua mtoto wa meza, akachukua diski ya zamani, iliyo kilema, akaibandika jina jipya na kumpelekea Daktari. Alijua Daktari hataijaribu. Mzee yule angeogopa kupigwa na umeme. Wagdi akajiona mjanja sana. Ujanja wa aina hiyo waoga wanao tele: kupiga teke chini ya meza huku juu ya meza wanamimina chai. Na kwa kuwa aliona haya, hakumwambia Ulfat.

Ulfat aliyasoma gazetini. Picha ilimwonyesha Daktari Bahgat ameweka kiganja juu ya kompyuta kama mtu anayeuza ng'ombe, na nyuma ya bega lake Wagdi, ndani ya koti lake la ngozi la London, anatabasamu. "Mwanasayansi wa Kimisri aifundisha kompyuta lugha ya mababu," liliandika gazeti, ambalo mwandishi wake hakuona hata herufi moja ikitokea. Jina la Ulfat halikuwamo.

Alimkuta Wagdi ngazini, wanafunzi wakipanda na kushuka.

"Hongera, bwana mhandisi. Umetoka vizuri. Meno yote yameonekana."

"Ulfat, nisikilize, si hapa..."

"Kwa nini si hapa? Kuuza umeuza hadharani. Sahani ulizoosha London zilikuwa na heshima kuliko hii."

"Roho yangu, kuna jambo hulijui..."

"Usiniite roho yako. Roho yako iko kwenye kile kiko, nenda kaivute."

Akashuka. Jioni Wagdi alipiga simu. Bi Inaam alipokea, na safari hii hakutania. "Mwanangu, ofisi ya wanafunzi imefungwa. Binti yangu amelia hadi amelala na viatu. Ukipiga tena, nitampa simu baba yake, na baba yake hana adabu kama mimi." Alipiga tena, akasikia pumzi za Ulfat mwenyewe upande wa pili, akaanza, "Diski ile..." Simu ikakatwa. Hapo naye kiburi kikampanda. Akanuna, kama kawaida ya mwanamume mwenye kosa: hajaombwa radhi kwa kosa lake, basi amekasirika.

Siku ya wizara, ukumbi ulipambwa kwa mazulia ya kuazima. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliamriwa kuja kujaza viti, na Ulfat akawa miongoni mwa viti vilivyojazwa, safu ya nyuma, amevaa nguo nyeusi toka juu hadi chini kama mtu aliyekuja matangani. Mbele walikaa wakubwa, matumbo yamewatangulia. Daktari Bahgat alisema kwa muda mrefu sana juu ya mababu, mapiramidi na yeye mwenyewe. Kisha akainua kitambaa chenye vishada, na ukumbi ukapiga makofi. Walikipigia kitambaa.

"Sasa kompyuta itawakaribisha wageni wetu kwa lugha yao," akasema. "Wagdi, andika."

Wagdi aliandika *ahlan wa sahlan*. Ukitafuta maneno mawili yaliyobeba laamu-alifu kila moja, huwezi kupata mengine ya adabu kuliko hayo. Juu ya kioo kikubwa cha televisheni kilichounganishwa na kompyuta, kila neno lilikatika katikati: laamu ikining'inia huku, alifu imesimama kule. Mjumbe wa wizara akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Hii ni lugha gani, Daktari?"

"Kiarabu, Mheshimiwa. Kiarabu... cha kisasa."

Mtu akacheka safu za kati. Kicheko kikatafuta wenzake, kikawapata. Masikio ya Daktari yakawa mekundu chini ya rangi nyeusi. "Wagdi!" akafoka. "Umeharibu nini? Tengeneza haraka!"

Wagdi alisimama. Koti hakulivaa siku hiyo. Shati lilimgandia mgongoni kwa jasho. Alimtazama Daktari, akautazama ukumbi, na alipofungua kinywa, lafudhi ilikuwa ya Asyut tupu, kama ya baba yake sokoni.

"La, Daktari. Siwezi, maana programu si yangu. Wala si yako. Wewe hujui hata kitufe cha kuwashia kiko wapi. Ni ya Ulfat Dasuki, yule pale nyuma. Iliyo nzima ni yake. Hii mbovu ndiyo uliyostahili, nikakupa."

Ukumbi mzima uligeuza shingo. Mjumbe wa wizara, ambaye angalau alikuwa na akili ya kutaka kuona mwisho wa mchezo, akasema, "Binti, unaweza kuitengeneza?"

Ulfat alisimama polepole, akanyoosha sketi. "Ninaweza, Mheshimiwa."

"Basi njoo."

"Kwa ruhusa yako, siji. Nilipoomba niiguse, niliambiwa vidole vyangu ni adui wake. Leo ni vidole vilevile, sijavibadili. Ifunikeni tu. Imezoea."

Akatoka. Mlango wa ukumbi ulikuwa mzito, lakini aliupiga ukasikika hadi barazani.

Wagdi alimkimbilia, akampata kwenye lango la chuo, kati ya muuza jasmini na basi lililosheheni watu hadi nje ya madirisha.

"Ulfat! Nilimpa ya zamani kwa makusudi! Yako ninayo, tangu siku ile haijatoka mfukoni." Akaitoa diski kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa na joto la kifua chake.

Ulfat aliichukua. "Unataka nikupigie makofi?"

"Nataka ujue sikukuuza. Alinifungia mlango, akadai diski, akanitisha kwa jeshi."

"Hukuniuza. Uliniweka rehani. Ulikuwa na neno moja tu la kumwambia mlango ulipofungwa, Wagdi, neno fupi kuliko yote. Badala yake ukafanya hila, ukaniacha nilie na viatu."

"Niliogopa jeshi."

"Na sasa?"

"Naliogopa zaidi. Sasa nitalikuta."

Ulfat alimtazama. Nywele zilikuwa zimemlowa jasho, uzuri wake wote umevurugika, na hakuwa akijua namna anavyoonekana. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Mjinga wewe," akasema. "Mjinga mkubwa. Una akili za sahani." Kisha akamvuta kwa ukosi hadi kwenye duka la juisi ya miwa, akamshikisha glasi kwa mikono yake yote miwili, akaizungushia na ya kwake ili isimwagike. "Kunywa. Na ukisema tena *nilipokuwa London*, nakumwagia kichwani."

"Umenisamehe?"

"Nimekuambia unywe."

Msidhani haki ilitendeka. Haki kwetu hufika ikiwa imechoka, hukaa kidogo barazani na kuondoka. Wizara iliandika kwamba ziara ilifana. Daktari Bahgat aliumwa shinikizo la damu kwa wiki chache, akarudi mzima, na kabla ya mwaka kwisha akateuliwa kuwa mkuu wa kitivo, kwani mtu asiyejua kuwasha mashine hatishii mtu. Utafiti wa Ulfat ulipewa alama ya chini kabisa ya kufaulu, kwa kosa la "ukosefu wa adabu za kisayansi." Wagdi aliandikiwa mstari wake mmoja, akanyolewa, akapelekwa kambini kwenye mchanga nje ya Ismailia.

Siku ya kutembelewa, Ulfat alishuka kwenye treni na sufuria ya mahashi, mboga zilizojazwa wali, mabega ya sponji yamesimama na penseli kichwani. Kwenye uwanja wa kambi palijaa mama, dada na kuku wa kuchoma. Wagdi alikuja mbio, buti zimemzidi, kichwa kimeng'aa.

"Mungu wangu," akasema Ulfat. "Wamekutoa kwenye ganda."

"Nicheke tu. Umepokelewa kazini?"

"Kampuni ndogo, Heliopolis. Wanauza kompyuta kwa wenye hoteli. Niliwaonyesha programu yetu. Mwenye kampuni akaandika jina la mama yake, likatoka zima, akalia mbele ya wafanyakazi. Naanza wiki ijayo. Nina mashine yangu, Wagdi. Haina kitambaa."

"Na mimi nina bunduki isiyofanya kazi. Sajini anasema ni afadhali, kwa usalama wa nchi."

Walicheka. Upepo ulivuma mchanga kwenye sufuria, na Ulfat akaifunika kwa kiganja.

"Nimekuja kukuoa," akasema.

Wagdi alitema mahashi. "Mwanamke haoi. Anaolewa."

"Basi niolewe na nani, yule mlinzi wa lango? Nimemtazama, ana masharubu mazuri."

"Ulfat, sina kazi, sina nywele, sina nyumba. Baba yako atanitupa dirishani."

"Tunakaa ghorofa ya nne, utakuwa na muda wa kufikiri. Nitamwambia mwenyewe. Wewe ukitoka hapa, njoo na mama yako kutoka Asyut, na mzungumze kama mnavyozungumza kwenu. Sitaki kusikia Kizamalek sebuleni kwetu." Akashusha macho, na sauti yake, ambayo ilikuwa imezoea kukata watu vipande, ikapungua hadi ikawa ndogo. "Nimechoka kukudharau kutoka mbali, kipenzi. Nataka nikudharau nikiwa karibu."

Wagdi alimshika mkono mbele ya jeshi zima la Misri. Sajini alipiga filimbi, na haikusikilizwa na yeyote kati yao.

Harusi ilifanyika Shubra mwaka uliofuata, kwenye klabu ya walimu, nywele za bwana harusi zikiwa ndiyo kwanza zinachipua. Mama mkwe kutoka Asyut alipiga vigelegele vilivyotikisa glasi. Sherehe ikiwa imepamba moto, kikaletwa kikapu cha maua kikubwa kama kaburi la pasha, kimebebwa na watu wawili, na juu yake kadi ya mkuu wa kitivo, Profesa Daktari Mhandisi Bahgat Zuhdi, vyeo vyake vimejaa hadi nafasi ya pongezi ikakosekana.

"Kiwekwe wapi, bi harusi?" wakauliza wabebaji. "Hapa mbele, watu wakione?"

Ulfat alikizunguka mara moja, shela likiburura chini, akaisoma kadi yote kwa makini.

"Hapana, hapa watakiona wachache," akasema. "Kiwekeni mlangoni mwa choo. Huko kila mgeni atafika kutoa heshima zake."